Jim Rogers: Mwekezaji Aliyezisoma Nchi Kuanzia Mpakani

Jim Rogers akiingia nchi asiyoijua, haanzi na ofisi ya waziri wa fedha. Humtafuta kwanza mtu anayebadilisha fedha kwa magendo. Pengo kati ya bei ya dola benki na bei yake kichochoroni humweleza mambo ambayo hotuba za bajeti huyaficha: kama serikali inachapa noti kupita kiasi, kama wenye mali wanaihamishia nje, kama wananchi wameacha kuiamini sarafu yao. Msomaji aliyeishi Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, dola ilipokuwa na bei mbili na sukari ikipatikana kwa walanguzi, anajua kwamba kipimo hicho hakikosei sana.

Kwa kipimo hicho, pamoja na vitabu vya historia, Mmarekani huyu amezunguka dunia mara mbili, kwanza kwa pikipiki, kisha kwa gari. Amenunua hisa katika masoko ambayo wenzake wa Wall Street hawakujua kama yapo, na ameandika vitabu vilivyowafanya watu wa kawaida wafuatilie bei ya shaba na kahawa. Lakini maisha yake yana upande mwingine ambao mashabiki wake huupita haraka. Mara nyingi aliona sawasawa uchumi unakoelekea, akakosea ni lini utafika huko.

Karanga za Demopolis, 1942–1964

Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1942 mjini Baltimore, lakini alikulia Demopolis, mji mdogo wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa kwanza kati ya wavulana watano. Mji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba namba ya simu ya nyumbani kwao ilikuwa 5, basi. Alianza kutafuta hela akiwa na miaka mitano, akiokota chupa tupu kwenye mechi za besiboli. Mwaka 1948 baba yake alimpa dola 100 za kununulia mashine ya kukaangia karanga. Haikuwa zawadi, ulikuwa mkopo, na baada ya miaka mitano mtoto alikuwa ameurudisha wote na kubaki na dola 100 zake mwenyewe benki.

Kwa ufadhili wa masomo alifika Chuo Kikuu cha Yale, akasoma historia. Alipomaliza mwaka 1964 alipata kazi ya miezi ya kiangazi katika kampuni ya udalali wa hisa ya Dominick & Dominick. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakati huo alijua mambo mawili tu kuhusu Wall Street: kwamba iko New York, na kwamba mwaka 1929 kulitokea jambo baya huko. Katika kiangazi kile aligundua kitu kilichomshangaza. Kulikuwa na watu waliolipwa kwa kufanya kile ambacho yeye angekifanya bure, yaani kufuatilia vita, mavuno, uchaguzi na ukame wa nchi za mbali, kisha kukisia matokeo yake.

Aliona mapema mno, 1964–1970

Kutoka Yale alikwenda Oxford, chuo cha Balliol, kusoma falsafa, siasa na uchumi. Akiwa mwembamba na mwepesi, alifanywa mshika usukani wa mashua ya makasia, na mwaka 1966 ndiye aliyeiongoza mashua ya Oxford ilipoishinda Cambridge kwenye mto Thames. Baada ya hapo alitumikia jeshi la Marekani kwa miaka miwili, kisha akarudi New York.

Mwaka 1970 ndio uliomfunza zaidi ya vyuo vyote viwili. Januari alitabiri kwamba bei za hisa zingeanguka, akanunua mikataba ya kumpa haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa mapema. Mei soko lilifika chini kabisa. Aliuza mikataba yake siku hizohizo, na fedha zake zikawa zimeongezeka mara tatu.

Alisubiri bei zipande kidogo, kisha akaingia tena, safari hii kwa njia ya hatari zaidi: kuazima hisa za watu, kuziuza leo, na kutarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini ili awarudishie wenyewe. Mtu anayefanya hivyo hupata faida bei ikishuka. Ikipanda, hasara yake haina kikomo. Bei zilipanda. Katika muda wa miezi miwili hivi alipoteza kila kitu, ikabidi azinunue hisa zile kwa bei ya juu kwa sababu hakuwa na fedha ya kuendelea kungoja. Kampuni alizokuwa amezikisia, takriban sita, baadaye zilifilisika kweli.

Hesabu ya kampuni zile ilikuwa sahihi. Kilichomshinda ni kalenda, na kingemrudia tena na tena.

Miaka kumi na Soros, 1970–1980

Mwaka huohuo aliingia kampuni ya Arnhold and S. Bleichroeder, na hapo akakutana na George Soros, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1973 walijitoa, kwa kuwa kanuni mpya ziliwazuia watu wa kampuni za udalali kugawana faida ya mfuko waliousimamia. Walianza na takriban dola milioni 12 na wafanyakazi watatu: Soros, Rogers na katibu mmoja. Mfuko wao baadaye ulijulikana duniani kwa jina la Quantum. Soros ndiye aliyenunua na kuuza, Rogers ndiye aliyesoma na kuchambua.

Na alisoma kweli: ripoti za kampuni, majarida ya wenye viwanda, takwimu za mauzo ya nje. Nyaraka za kampuni za mabomba ya gesi zilimwonyesha kwamba akiba ya gesi inapungua mwaka hadi mwaka. Sababu ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona. Serikali ya Marekani ilikuwa imeidhibiti bei ya gesi na kuiweka chini kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuchimba visima vipya. Walinunua hisa za wachimbaji kabla nchi za Kiarabu hazijafunga bomba la mafuta Oktoba 1973.

Vita ya mwezi huo kati ya Israeli, Misri na Syria ilimpa funzo lingine. Ndege za Israeli, zilizotengenezwa Marekani, ziliangushwa kwa wingi na silaha za Kisovieti. Rogers alihitimisha kwamba Marekani, iliyokuwa imebana matumizi ya kijeshi baada ya Vietnam, isingekuwa na budi kumwaga fedha kwenye vifaa vya kielektroniki vya kivita. Walinunua hisa za Lockheed wakati kampuni hiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, na hisa hizo zikapanda mara nyingi.

Kuanzia 1970 hadi 1980, thamani ya fedha walizosimamia iliongezeka kwa asilimia 4,200. Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipanda kwa asilimia 47 hivi katika kipindi hichohicho. Muongo ule, dola ikiwa imetenganishwa na dhahabu tangu Agosti 1971 na bei zikipanda kila mahali, uliwaadhibu waliong'ang'ania hisa za kawaida na kuwatajirisha waliofuata mafuta, silaha na sarafu. Mwaka 1980 Rogers alitofautiana na Soros, akaondoka na fungu lake, ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa dola milioni 14. Alikuwa na miaka 37, akatangaza kwamba amestaafu.

Vienna na Shanghai, 1980–1989

Kustaafu kwake hakukufanana na kwa wengine. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Columbia ilipomwomba afundishe, ujira alioutaka ulikuwa ruhusa ya kutumia ukumbi wa mazoezi wa chuo maisha yake yote. Akapewa, akafundisha.

Mwaka 1984 aliitazama Austria. Soko la hisa la Vienna lilikuwa limelala kiasi kwamba bei zake zilikuwa karibu nusu ya zilivyokuwa miaka ishirini na kitu nyuma. Alikwenda ofisi ya New York ya benki kubwa kuliko zote za Austria kuuliza namna ya kununua hisa huko, na akajibiwa kwamba nchi haina soko la hisa. Wenye benki wenyewe hawakujua! Alipanda ndege hadi Vienna, akakuta soko lenye kampuni chini ya 30, akakuta pia serikali imeanza kubadili sheria za kodi ili kuvutia mtaji. Alinunua, kisha akasema hadharani kwamba amenunua. Katika mwaka mmoja hivi bei zilipanda zaidi ya mara mbili.

Tarehe 19 Oktoba 1987, siku aliyotimiza miaka 45, fahirisi ya Dow Jones ilianguka kwa asilimia 22.6, na hadi leo haijawahi kuanguka kiasi hicho kwa siku moja. Rogers alikuwa ametabiri anguko na alikuwa amejipanga kufaidika nalo. Safari hii kalenda ilikuwa upande wake.

Mwaka uliofuata alivuka China kwa pikipiki kutoka Shanghai hadi mpaka wa Pakistan, safari iliyotengenezewa filamu ya televisheni. Kabla ya kuondoka Shanghai alinunua hisa ya benki moja kwenye kaunta ndogo. Soko rasmi la hisa la mji huo lingefunguliwa Desemba 1990.

Pikipiki mbili, 1990–1992

Machi 1990 aliondoka magharibi ya Ireland akiwa na mwenzake Tabitha Estabrook, kila mmoja na pikipiki yake ya BMW. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameiomba Moscow ruhusa ya kuivuka nchi yake, na sasa alikuwa ameipata. Walipita Ulaya, Uturuki, Asia ya Kati na China hadi Japani, wakarudi kwa kuikata Siberia. Baadaye walishuka Afrika, wakaenda Australia, wakamalizia na bara la Amerika kutoka ncha ya kusini hadi Alaska. Walipita nchi 52 na zaidi ya kilomita 160,000, na jina lake likaingia kwenye kitabu cha Guinness.

Wakati ule Muungano wa Kisovieti ulikuwa bado na jeshi la kutisha na kiti chake Umoja wa Mataifa. Rogers aliona kaunta tupu, barabara zinazokatika katikati ya pori, na ruble isiyotakiwa na mtu yeyote, hata raia wake. Alitoka akiwa na hakika kwamba himaya hiyo haina miaka mingi. Desemba 1991 ilivunjika.

Afrika waliingilia kaskazini, wakaikata Sahara, wakafika Zaire ya Mobutu. Ile ndiyo nchi iliyothibitisha kipimo chake kwa ukatili zaidi. Udongo wake una shaba, kobalti na almasi, lakini barabara walizoacha Wabelgiji zilikuwa zimemezwa na msitu, kila kizuizi kilidai chake, na noti za zaire zilihesabiwa kwa mafurushi. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa waliupora mji wa Kinshasa.

Baada ya Zambia na Zimbabwe wakaingia Botswana, na hapo mambo yakageuka. Barabara zilikuwa nzuri, maafisa wa mpakani hawakuomba kitu, pula ilibadilishwa bila kificho. Almasi ilikuwepo kule na huku, lakini serikali ya Gaborone ilikuwa imeweka mapato yake kwenye akiba na kuendelea kufanya uchaguzi wa vyama vingi tangu uhuru wa mwaka 1966. Soko la hisa lilikuwa limeanza mwaka 1989 na kampuni zake zilihesabika kwa vidole. Rogers alinunua hisa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna ukurasa wa maisha yake wenye faida kwa msomaji wa Afrika kama huu wa Zaire na Botswana, kwa sababu tofauti aliyoiona haikutokana na kilichomo ardhini. Ilitokana na namna kila serikali ilivyowatendea watu wake na fedha zao.

Kitabu cha safari hiyo, *Investment Biker*, kilitoka mwaka 1994. Wengi walikuwa wameshasoma vitabu vya kununua hisa na vitabu vya safari. Mchanganyiko wa hivyo viwili ulikuwa mpya.

Shaba, kahawa na kioo cha dola 500, 1998–2006

Mwaka 1998, wakati vijana wa New York wakigombania hisa za kampuni za intaneti, Rogers alianzisha fahirisi ya bidhaa ghafi yenye jina lake, ikikusanya bei za mafuta, madini na mazao. Aliyefanya hivyo mwaka huo alionekana kapitwa na wakati. Pipa la mafuta lilishuka kufikia takriban dola 10, dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 kwa aunsi, na mapema mwaka 1999 tani ya shaba iliuzwa chini ya dola 1,400.

Hoja yake ilikuwa ya mkulima zaidi kuliko ya msomi wa fedha. Bei ikikaa chini miaka mingi, hakuna anayefungua mgodi mpya wala kupanda miti mipya. Mahitaji yanaongezeka kimyakimya, akiba inaisha, na mgodi huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kutoa chochote. Kwa hiyo bei zikianza kupanda, hupanda kwa muda mrefu. Na upande wa mahitaji yeye alikuwa ameivuka China kwa pikipiki, akaona watu zaidi ya bilioni moja wanaanza kujenga.

Tarehe 1 Januari 1999 aliondoka Iceland kwa safari ya pili, pamoja na Paige Parker, kwa gari la njano la Mercedes lililoundwa maalumu: umbo la gari la michezo juu ya mhimili wa gari la porini. Mwaka mmoja kamili baadaye walifunga ndoa Henley-on-Thames, Uingereza. Waliporudi New York Januari 2002 walikuwa wamepita nchi 116 na kilomita 245,000 hivi. Kitabu chake, *Adventure Capitalist*, kilitoka mwaka 2003.

Katika safari hiyo Rogers alifanya kosa ambalo amelisimulia mara nyingi. Huko Namibia aliuziwa almasi ya magendo. Muuzaji alianzia dola 70,000, na Rogers akajiona hodari kwa kuishusha hadi 500. Alipofika Tanzania alimwonyesha mfanyabiashara wa almasi, ambaye alicheka: kilikuwa kioo. Kila anapoisimulia huwasihi wasikilizaji wasiweke fedha katika kitu wasichokijua, hata kama wamefika nchi kinakotoka.

Tanzania aliyoipita ilikuwa inabadilika. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilikuwa limeanza biashara mwaka 1998 na kampuni chache sana. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya ya madini yenye masharti nafuu kwa wageni, mgodi wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, dhahabu ikiwa katika bei yake ya chini kabisa ya miongo miwili. Zambia nayo ilikuwa inauza migodi yake ya shaba. Mwaka 2004 kampuni ya Vedanta ilichukua asilimia 51 ya migodi ya Konkola kwa dola milioni 25. Mwaka huo Rogers alichapisha *Hot Commodities*, akieleza kwa nini bei zingepanda. Mei 2006 tani ya shaba ilipita dola 8,000.

Serikali zetu zilikuwa na sababu za kuuza. Zilikuwa na madeni, migodi ya umma ilikuwa inakula hasara, na wafadhili walisukuma. Hata hivyo mikataba ya miaka mingi iliandikwa bei zikiwa sakafuni, kana kwamba zitabaki hapo. Vita vya baadaye juu ya mrabaha na kodi, kuanzia kodi ya faida ya ziada ya Zambia mwaka 2008 hadi sheria za Tanzania za 2010 na 2017, vimetokana kwa sehemu kubwa na hilo.

Kahawa ilikuwa na hadithi tofauti. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulivunjika mwaka 1989, Vietnam ikapanda mibuni kwa wingi, na kufikia 2001 bei ilikuwa imeanguka vibaya. Wakulima kutoka Kilimanjaro hadi Kagera waliong'oa mibuni wakati ule hawakuwepo bei ilipopanda baadaye.

Singapore, 2007–2016

Mwaka 2007 alitoa *A Bull in China*, na Desemba mwaka huo akauza nyumba yake ya New York kwa karibu dola milioni 16. Alikuwa ameinunua miaka ya 1970 kwa dola laki moja na ushee. Alihamia Singapore ili binti zake wakue wakizungumza Kichina cha Mandarini. Kwa mtu aliyesema karne ya 21 ni ya China, haya hayakuwa maneno ya jukwaani. Alihamisha familia.

Mgogoro wa 2008 ulimkuta ameshajipanga dhidi ya Fannie Mae, shirika kubwa la mikopo ya nyumba la Marekani, ambalo serikali ililichukua Septemba mwaka huo. Lakini mgogoro huohuo ulizipiga bidhaa ghafi. Mafuta, yaliyofika dola 147 kwa pipa Julai 2008, yaliporomoka kabla mwaka haujaisha. Yalipanda tena, kisha mwanzoni mwa 2016 yakashuka chini ya dola 30. Waliomfuata kwenye bidhaa ghafi mwaka 1999 walifaidi sana. Waliomfuata mwaka 2008 au 2011 waliumia.

Kwa hisa za Marekani aliendelea kuonya kwamba anguko baya kuliko yote ya maisha yake linakuja, kwa sababu deni la nchi hiyo linazidi kupanda. Deni limepanda kweli. Ila fahirisi ya S&P 500, iliyokuwa chini ya 700 Machi 2009, ilipita 3,000 mwaka 2019. Aliyekaa pembeni miaka yote hiyo kwa kumsikiliza alilipa gharama kubwa, na ni haki kusema hivyo sambamba na sifa za miaka ya Quantum.

Mpaka uliofungwa, 2018–2024

Aprili 2018 Kim Jong Un wa Korea Kaskazini na Moon Jae-in wa Korea Kusini walipokutana Panmunjom, mpakani mwa nchi zao, Rogers aliona Ujerumani mpya, yaani nchi mbili zitakazoungana kuwa moja. Kaskazini kuna madini na vijana wenye nidhamu na mishahara midogo, Kusini kuna mtaji na viwanda, na reli ikifunguliwa bidhaa za Busan zitafika Ulaya kwa nchi kavu. Mwishoni mwa mwaka alikubali kuwa mkurugenzi wa Ananti, kampuni ya Korea Kusini iliyokuwa na hoteli na uwanja wa gofu katika Mlima Kumgang, upande wa Kaskazini.

Februari 2019 mazungumzo ya Kim na Donald Trump yalivunjika Hanoi. Mwaka 2022 Ananti iliifuta mali yake ya Kumgang kwenye vitabu vyake vya hesabu. Tarehe 15 Oktoba 2024, siku nne kabla Rogers hajatimiza miaka 82, jeshi la Kaskazini lililipua barabara zilizouunganisha upande wake na Kusini.